Nyesha mwenyewe mwezi wa saba: kuiandaa nyumba ya mlimani kabla ya vuli

Nyumba yangu iko Kitangiri, hapa Mwanza, upande wa mlimani, kule ambako bodaboda anakushusha chini halafu anakuonyesha kwa kidevu kwamba kipande kilichobaki utamalizia kwa miguu. Ina vyumba 6: viwili vyangu, vinne vya wapangaji. Nyuma kuna jabali linaloipita nyumba kwa urefu, na mbele, ukikaa barazani, unaliona ziwa mpaka linapogusana na mawingu. Mgeni akija anasifia ziwa. Mimi mwaka wa 22 huu naliangalia jabali, maana maji yanayoingia chumbani kwangu hayajawahi kutoka ziwani.

Kazi yangu ni dagaa, pale Mwaloni Kirumba. Mtu wa dagaa mvua anaijua kuliko mkulima: mkulima anaiomba, sisi tunaikimbia. Dagaa wakinyeshewa juu ya kichanja alfajiri moja tu, mtaji umegeuka chakula cha kuku. Kwa hiyo mawingu nimeyasoma tangu msichana. Kilichonichukua miaka ni kujifunza kuisoma nyumba wakati hakuna wingu hata moja.

Mvua za huku zina nyakati mbili. Vuli inaanza Oktoba, mwaka mwingine inachungulia Septemba, na inakwenda hadi Desemba. Januari na Februari inapungua bila kuisha. Masika inashika Machi mpaka Mei. Kuanzia Juni hadi Agosti ni kiangazi, na Julai ndiyo kavu kupita yote. Hiyo ndiyo miezi ya harusi, ya ubarikio, ya kuchimba msingi wa nyumba mpya. Nyumba ya zamani hakuna anayeikumbuka, kwa sababu haivuji. Mwanangu mmoja yuko Kanada. Ananiambia kule kiangazi ndipo watu wanaposafisha gata, wanaziba nyufa za madirisha na kukausha kuni, maana theluji ikishashuka hakuna fundi atakayepanda paa. Nikamjibu, huku theluji hatuna, ila fundi wa kupanda paa mwezi wa kumi na moja naye hatuna.

Na akipatikana, bei yake ni ya mtu aliyekuona umeloa. Mwaka mmoja nilitajiwa sh. 120,000 mwezi Novemba kwa kazi ambayo Julai iliyofuata kijana mwingine aliifanya kwa sh. 40,000, akala na ugali wa mchana, na akashukuru.

Njia yangu ni moja: usingoje mvua ikuonyeshe nyumba inavuja wapi. Chukua ndoo, nyesha mwenyewe.

Paa: anza gizani

Chagua siku ya jua kali, saa sita au saa saba mchana. Funga madirisha, ziba mapazia, panda darini kupitia kile kitundu cha dari. Kama nyumba haina dari, simama tu katikati ya chumba. Usiwashe tochi. Kaa dakika 5 macho yazoee giza, kisha tazama juu. Utaona nyota. Kila nyota ni tundu la msumari uliong'oka, au mahali kutu imekula bati. Chukua vijiti vya ufagio wa chelewa, chomeka kimoja katika kila tundu, kichomoze juu. Fundi akipanda anavikuta vimesimama kama mbegu zilizoota, hana haja ya kukuuliza "wapi mama, hapa au pale?"

Nyota hazionyeshi kila kitu. Msumari uliolegea haupitishi mwanga, lakini maji unayapitisha vizuri sana. Bati linaunguzwa na jua mchana, linapoa usiku. Linatanuka na kusinyaa kila siku ya Mungu, na kila siku linauvuta msumari kidogo. Ule mpira wa chini ya kofia ya msumari nao unapigwa jua mpaka unakatika kama biskuti. Hapo ndipo inapohitajika ndoo.

Niwaeleze kisa cha chumba cha nne. Dari lilikuwa na doa la rangi ya chai, kubwa kama sinia, juu ya kitanda cha mpangaji. Mafundi watatu, kwa miaka mitatu, walipanda na kupaka lami juu ya lile doa sawasawa. Kila vuli ikija, doa linanenepa. Mpangaji alihamisha kitanda, doa likamfuata. Nadhani aliamini nimemroga. Julai moja nikampandisha mjukuu wangu na ndoo ya lita 20 na kopo, mimi nikaingia darini na tochi. Kwa mara ya kwanza alimwaga kuanzia juu, kwenye kofia ya paa, na maji yakatiririka mgongo mzima, yakadondoka sehemu tatu kwa mpigo. Sikujua tundu ni lipi. Tukaanza upya, safari hii kutoka chini. Anamwaga kopo moja moja kwenye ukingo wa paa, ananisubiri, mimi nasema "bado", anapanda hatua moja. Bado. Bado. Tulipofika karibu na kofia, mita 2 na zaidi kutoka kwenye doa, nikaliona tone limeingia, limekaa juu ya papi, ule ubao bati linapopigiliwa, limetembea na papi hiyo taratibu kama konokono, likafika kwenye kifundo cha mbao, likaanguka. Hapo ndipo kitanda. Tundu lenyewe lilikuwa la msumari mmoja.

Kwa hiyo kumbuka mambo mawili. Doa la darini linaonyesha maji yalipoangukia, na tundu liko juu zaidi, mara nyingi mbali kidogo. Na ukinyesha, nyesha kutoka chini kwenda juu, pole pole, mtu mmoja nje na mmoja ndani, na chaki mkononi mwa aliye ndani.

Anayepanda apande asubuhi umande ukishakauka na bati halijawaka moto. Akanyage kwenye mistari ya misumari, maana chini yake kuna papi. Akikanyaga katikati analikunja bati na kukuongezea tundu. Ngazi ishikwe. Mimi mwenyewe sipandi tena. Nina miaka 59 na magoti yaliyochoshwa na kuinama kwenye vichanja. Nabaki chini na kelele zangu.

Msumari uliolegea usigongwe urudi palepale, tundu lake limeshapanuka. Ung'oe, weka mwingine mrefu na mnene zaidi, wenye mpira mpya. Mpira ukikosa, kata vipande vya tyubu kuukuu ya gari. Msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, kamwe usipigwe kwenye bonde, kwa sababu maji yanapita bondeni. Ni jambo la wazi, na bado nimelipa mafundi wawili waliopiga bondeni. Tundu dogo la kutu sugua kwa brashi ya waya, paka lami, laza kipande cha kanga iliyochakaa, paka lami tena juu yake. Kutu ikishakuwa pana kama kiganja, acha ushonaji, badilisha bati zima. Ukienda kununua, kumbuka namba ya geji inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 32 ni nyembamba kuliko zote hizo. Nimemwona muuzaji akimwambia mteja kwamba 32 "ni kubwa zaidi". Hakudanganya kuhusu namba.

Halafu yale mawe na matairi juu ya paa. Najua kwa nini yapo. Huku mvua kubwa nyingi zinazaliwa ziwani usiku: nchi kavu inapoa, maji yanabaki na joto, upepo unatoka pande zote kwenda katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda, na kabla ya alfajiri mbingu inanguruma. Mvua hiyo ikija nchi kavu inatanguliza upepo, na upepo huo ndio unaobeba mabati. Jiwe halikusaidii hapo. Linakusanya uchafu, uchafu unashika unyevu, bati linaoza chini yake, na siku upepo ukishinda, bati linaezuliwa, jiwe linaingia ndani. Dawa ni kufunga kenchi, zile mbao zinazobeba paa, ukutani: waya mnene uliozungushwa kwenye kenchi na kushikishwa kwenye nondo ya lenta, ule mkanda wa zege wa juu ya madirisha, au kwenye chuma kilichopigwa ukutani. Tikisa kila mguu wa kenchi kwa mkono. Unaocheza ndio wa kufunga kwanza.

Gata na tanki

Hesabu ni hii, na mtoto wa darasa la nne anaiweza. Mvua ya milimita 1 kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa langu ni mita 8 kwa 12, yaani mita za mraba 96. Mvua nzuri ya usiku mmoja, milimita 30, inaniletea karibu lita 2,900. Tanki langu la lita 2,000 linajaa na kumwagika kabla sijaamka. Mwenye paa kama langu na hana gata, lita hizo hizo zinashuka kwenye miguu ya kuta zake, zinachimba, zinarusha tope, na baada ya masika tatu msingi unaonekana kama meno ya mzee.

Gata lako lijaribu kwa kopo moja la maji, upande wa mbali na bomba. Rudi baada ya dakika 10. Kama maji bado yamekaa mahali, pale pamebonyea, na mbu watapaona kabla yako. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita 2 unatosha. Mimi nina mwarobaini jirani, kwa hiyo nasafisha mara mbili: Julai, na tena wiki ya mwisho ya Septemba, maana majani hayasomi kalenda.

Tanki lisugue likiwa tupu, suuza kwa maji ya klorini, ziba kila upenyo kwa wavu wa dirisha. Angalia na pale lilipokaa. Lita 2,000 ni tani 2. Kama limekalia matofali yaliyopangwa bila saruji, kiangazi ndiyo wakati wa kuyajengea vizuri. Mvua ikianza, lichomoe bomba na uache mvua ya kwanza iende zake. Hiyo imeosha vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha wale korongo wa jalalani, ambao Mwanza wanajiona wenye viwanja. Mvua ya pili rudisha bomba. Ya kunywa bado utachemsha.

Jabali la nyuma

Hapa ndipo mtu wa mlimani anatofautiana na wa Nyakato au Buhongwa. Wao mvua inawanyeshea. Sisi inatunyeshea mara mbili: inayotoka mbinguni, na ile iliyoangukia jabalini dakika chache kabla, inayoshuka yote kwa pamoja kwa kuwa jiwe halinywi.

Panda jabalini mwezi wa saba ukatazame mistari myeusi. Kwenye mawe yetu ya kijivu utaona michirizi mirefu ya rangi ya masizi. Ndiyo njia za maji za miaka yote, na kiangazi inasomeka kama barabara kwenye ramani. Fuata kila mchirizi mpaka chini uone unaingia wapi. Ukitilia shaka, mwaga maji. Agosti moja nilipanda na vijana wawili wa wapangaji na ndoo 12. Nilikuwa na hakika maji yanapita kulia, kwa sababu kulia ndiko kunakoteremka. Tukamwaga. Yakaenda kulia hatua tatu, yakakuta mshono mwembamba kwenye jiwe, hata kidole hakiingii, yakageuka nao kushoto yote, yakashuka nyuma ya jiko langu. Miaka yote hiyo nilikuwa nachimba mtaro upande usio na maji.

Mtaro wenyewe uchimbe mahali maji yanapoacha jabali, kabla hayajagusa ukuta, upana na kina visipungue sentimita 30. Usiuache wa udongo mtupu kwenye mteremko. Mvua mbili tu zitaugeuza korongo. Panga mawe chini na pembeni, ziba kwa saruji, na pale panaposhuka sana jenga vingazi, ili maji yaanguke kidogo kidogo yakichoka njiani. Mawe huku hayanunuliwi, hiyo ndiyo neema yetu pekee.

Swali ambalo wengi hawajiulizi ni hili: baada ya kwangu, yanakwenda kwa nani? Mtaro wangu wa kwanza niliuchimba bila kumwambia mtu. Nikajisifu. Mvua ya kwanza ya Oktoba maji yaliipita nyumba yangu vizuri kabisa, yakaingia jikoni kwa jirani yangu wa chini na kulowesha gunia la sembe na godoro la mtoto. Asubuhi alikuja amevaa buti, hakusalimia. Tulifika kwa mwenyekiti wa mtaa, nikalipa gunia, nikalipa godoro, na kusema kweli alikuwa na haki. Julai iliyofuata tulichimba pamoja, yeye na mimi na wa chini yake, mpaka kwenye mtaro mkubwa wa barabara. Tangu hapo kila mwaka tunasafisha siku moja, Jumamosi ya kwanza ya Agosti, na asiyekuja analeta soda. Na chupa za plastiki tunazitoa. Ukizisukuma chini na koleo hazijapotea. Waulize wanaokaa Mabatini kandokando ya Mto Mirongo takataka za milimani zinaishia wapi.

Neno kuhusu mawe makubwa. Kuna jiwe lililoota kutoka ardhini na kuna jiwe lililokalia udongo. La kwanza liheshimu, la pili liogope. Zunguka ulitazame chini: kama udongo umeliwa na kuacha uwazi, au kuna ufa mpya kwenye ardhi upande wa juu, usichimbe hapo hata kwa ajili ya choo, usichukue kokoto chini yake, na ukawaambie ofisi ya mtaa kabla ya mvua. Na kitanda cha watoto kisiwe upande huo.

Ukuta, choo, umeme

Gonga lipu ya chini kwa konzi ukizunguka nyumba. Inayolia kama debe tupu imeachana na tofali. Ibandue, loweka ukuta, piga upya. Julai lipu inakauka haraka mno, kwa hiyo imwagilie asubuhi na jioni kwa siku kadhaa, la sivyo inapasuka mistari kama kisigino cha kiangazi. Ufa wowote, chora vistari kwa penseli mwisho huku na huku, andika tarehe. Ufa uliobaki ndani ya vistari mpaka mwakani ni wa kuziba tu. Uliovuka, mwite mtu anayejua misingi.

Choo kinyonywe kiangazi, gari likiwa linaweza kufika karibu. Mitaa kadhaa ya milimani siku hizi imeunganishwa na mabomba ya majitaka. Kama bomba limepita kwako, ungana nalo uachane na shimo. Lakini ile tabia ya kungoja mvua kubwa ya usiku ukatapishe choo mtaroni, nikikujua nakutaja. Maji yale yanapita kwenye miguu ya watoto wa watu, na kipindupindu hakiulizi lilikuwa shimo la nani.

Umeme mwachie fundi umeme, ila mwambie akague waya wa asi, ule unaoingia ardhini. Kwenye mawe kama huku, kile chuma cha asi wengine wamekichomeka sentimita chache tu kwenye udongo wa juu na kufunika. Na radi za kanda hii hazina utani. Mvua ikinguruma, chomoa televisheni na friji.

Vya kuweka ndani

Mkaa nunua Agosti. Wakati wa masika barabara za vijijini zinakuwa uji, malori hayafiki, na gunia linalofika limenyeshewa njiani. Unalipia maji kwa bei ya mkaa. Lisikae chini sakafuni. Panga mbao mbili au kreti kuukuu, gunia lisiguse ukuta.

Mama yangu, aliyekuwa Msukuma wa Magu, hakuhesabu kiangazi kwa miezi, alihesabu kwa michembe. Viazi vitamu vinavunwa kuelekea kiangazi, vinamenywa, vinakatwa vipande, vinaanikwa juu ya mawe; hiyo ndiyo michembe. Ukivichemsha kwanza ndipo ukate na kuanika, unapata matobolwa, matamu zaidi, na watoto wanayaiba mfukoni kama peremende. Mawe yetu ya Kitangiri yakipata jua la Julai yanakausha juu na chini kwa pamoja. Kipande kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda, kirudishe juani, kwa maana kimoja kibichi kinaozesha gunia zima. Desemba, mvua imekaza, mtu hatoki, chemsha michembe na karanga zilizotwangwa uone kama utakumbuka mkate.

Na dagaa, hapa nasema kama muuzaji. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa; mbalamwezi ikiwa kubwa mavuno yanashuka na bei inapanda. Kwa hiyo nunua kiangazi, katika siku za giza. Wakati wa mvua wanakosa jua la kukauka siku moja, wanachacha, na wengi waliolazwa chini wanakuja na mchanga. Kabla ya kulipa chukua mmoja, mvunje shingo. Akikatika kwa mlio, mchukue. Akinyumbuka, mwambie mwenye gunia "asante mama, nazunguka kidogo", na usirudi. Nikiwa mimi ndiye mwenye gunia, usinifanyie hivyo.

Kwa walio karibu na maji

Dada yangu anakaa Igombe, na huko shida ni nyingine. Ziwa halipandi kwa usiku mmoja. Linapanda polepole, mwezi baada ya mwezi, kwa mvua na mito ya nchi zote zinazolizunguka, na mara nyingi linafikia juu kabisa kwenye Mei, masika inapoishia. Mwaka 2020 lilipanda likameza mialo, vichanja na vyumba vya watu. Mwaka 2024 likapanda tena, juu zaidi. Dada alikuwa ameshajifunza. Baada ya 2020 alipaka mstari mwekundu kwenye jiwe mahali maji yalipofika, na kila mwisho wa mwezi anapima kwa hatua kutoka majini mpaka kwenye mstari. Machi 2024 hatua zilipobaki chache alihamisha vitanda na cherehani, akalala usingizi. Majirani walihamisha yao wakiwa ndani ya maji.

Kama unajenga upya, sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ufukweni. Watu wanaiona kama sheria ya kuwanyima kiwanja. Ukisimama kwenye mstari wa dada utaona mita 60 si nyingi.

Usiku wa mvua ya kwanza

Itakuja usiku, mara nyingi. Utasikia upepo kwanza, mabati yatagonga mara mbili tatu, halafu harufu ya vumbi lililoloa. Usijifunike. Vaa ndala, chukua tochi na chaki, zunguka chumba kwa chumba, gongea na wapangaji. Popote panapodondoka chora duara sakafuni na uandike tarehe, weka beseni, endelea. Toka nje na mwavuli utazame mtaro ukifanya kazi: maji yakipanda juu ya ukingo, kuna jani au chupa mahali, na kuitoa usiku huo ni dakika mbili. Baada ya mvua ya kwanza huku huwa kuna siku kadhaa za jua kabla ya mvua ya pili. Hizo ndizo siku zako za mwisho za kumpata fundi kwa bei ya kibinadamu, kwa hiyo mpigie saa kumi na mbili asubuhi, kabla jirani yako hajaamka.